Karata za Mashoto

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima isipokuwa kidole kimoja, na moyo umejaa furaha hadi unamwagika. Usicheke. Najua unacheka.

Plasta wameitoa juzi. Nilidhani wakishaikata nitatoka pale nikipunga mkono barabarani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kumbe kidole gumba cha kulia kimelala tu, kigumu kama mpini wa mwiko. Mfupa umeunga vizuri, mtaalamu wa viungo kasema, ila kidole kimesahau kazi yake. Nikikiambia pinda, kinanitazama. Amenipa kampira niwe nakaminya mara mia asubuhi, mara mia jioni. Dada, kampira kale kananuka viatu vipya na kananitia usingizi! Nilipolalamika akasema, "Basi tafuta kazi ndogo unayoipenda, itakayokifanya kidole kisukume, kisukume, kisukume. Sitaki nguvu. Nataka mara nyingi."

Na muda nao haunisubiri. Bosi atanishikia kiti changu kwenye meza ya kukatia mpaka tarehe thelathini Mei. Siku hiyo nikishindwa kukata kitambaa mbele yake, kiti anapewa mwingine. Simlaumu. Angeweza kukitoa siku ileile jora lilipoporomoka kutoka rafuni likanivunja. Na mikasi ile mikubwa, unajua mwenyewe, imetengenezewa mkono wa kulia, kwa hiyo siwezi kuhamia kushoto.

Mume wangu hajui. Ngoja, usinigombeze kwanza! Chuo chao cha ufundi wa lifti kina sheria: ukikosa siku tatu za vitendo, unarudia mwaka mzima. Na yule mtu namjua. Wakati wa uchumba nilipata homa ya siku mbili, akaacha usaili wa kazi akaja kunipikia uji. Uji wenyewe ulikuwa na mabonge kama kokoto, lakini niliunywa wote, na nikasema moyoni, huyu ndiye. Sasa akisikia nimevunjika kidole wiki ya pili tu tangu aondoke, si atapanda gari siku hiyohiyo? Ndiyo maana naandika kwa kushoto, kwako na kwake, na kwake nimeisingizia kalamu kwamba inavuja.

Ila nimepata wazo. Kwenye droo yake kuna pakiti ya karata. Si unakumbuka siku ya harusi alivyoitoa ree ya shupaza nyuma ya sikio la shangazi, shangazi akapiga yowe? Nitamwomba anifundishe kwa barua. Kusukuma karata si ni kusukuma?

Mdogo wako mwenye raha zake,
Bibi Harusi


6 Machi

Mashoto wangu,

Leo ni siku ya arobaini na tano tangu uondoke. Shati lako la bluu nimelitundika nyuma ya mlango, na kila nikiingia nalisalimia. Jana likaniitikia kwa mkono. Ulikuwa upepo wa dirishani, najua, lakini nilishukuru vilevile.

Nashukuru kwa mengi siku hizi. Nashukuru kwamba ulirekebisha bomba kabla hujaondoka. Nashukuru kwamba kuna mtu duniani ambaye akipiga chafya huko aliko, mimi huku nasema pole bila hata kumsikia.

Nina ombi. Nimezikuta karata zako. Nifundishe! Usinifundishe mazingaombwe makubwa, anza na yale ya mwanzo kabisa, namna ya kushika na kugawa. Nataka mikono yangu ijue vitu ambavyo mikono yako inavijua. Ukirudi nitakutolea malkia wa kopa mfukoni mwako wewe mwenyewe.

Usinicheke kwa mwandiko na madoa. Ni kalamu hii hii, bado inavuja.

Mkeo,
Chaki


14 Machi

Chaki wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne: mbili bwenini, moja kwenye foleni ya chakula, na moja nimekaa juu ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mwalimu alidhani nasoma mchoro wa waya. Akanisifu.

Hiyo kalamu yako itupe. Kila mstari umefutikafutika. Humu ndani kuna mpya. Nimeijaribu mwenyewe dukani, nikaiinamisha na kuitikisa, haikuvuja hata tone.

Haya, karata. Mimi nilifundishwa na mjomba kinyozi, pale kibandani kwake, wateja wakichelewa. Siku ya kwanza nilitaka kutoa karata hewani. Akaniambia, "We kijana, hata mkasi hujui kuushika unataka kunyoa?" Kwa hiyo somo la kwanza ni kushika tu.

Laza karata kwenye kiganja cha kulia. Kidole cha shahada kikae mbele, kizizuie zisitoroke. Vile vitatu vingine vizikumbatie ubavuni. Kidole gumba kilale juu yake, kimelegea. Mjomba alisema shika kama unavyoshika sabuni iliyolowa, ukibana itaruka. Kisha gumba lisukume karata ya juu itokeze nusu, na mkono wa kushoto uje uipokee na kuiweka mezani. Halafu inayofuata. Moja moja. Zikitoka mbili kwa pamoja, rudisha zote uanze upya. Siku utakayomaliza hamsini na mbili bila kutoa mbili, wewe si mwanafunzi tena.

Ukimaliza, zipange hadi kingo zilingane. Mjomba alikuwa akisema mcheza karata utamjua kwa kingo zake, kama unavyomjua kinyozi kwa kisogo cha mteja.

Lisalimie lile shati. Liambie linioneshe heshima, mimi ndiye mwenye mke.

Mumeo,
Mashoto


21 Machi

Mashoto wangu, mwalimu wangu,

Kalamu nimeipokea na nimeibusu. Tazama inavyoteleza! Naandikia hiyo hiyo. Asante, asante, asante.

Sasa nikugombeze kidogo. Wewe bwana, umesahau ulimwoa nani? Mimi si mashoto! Nilishika kulia kama ulivyosema, nikasukuma kwa gumba la kulia, nikapokea kwa kushoto. Baadaye nikamwona fundi saa wa hapa chini akiwagawia wenzake karata. Yeye anashikia kushoto, anagawa kwa kulia. Nikabaki mdomo wazi. Kumbe umenipa mikono yako! Nibadilishe, au niendelee? Sema upesi, ingawa hivi hivi nimeshapenda.

Maendeleo yangu usiyatangaze kwa wenzako. Siku ya kwanza nilisukuma tatu. Kwenye karata ya nne gumba liligoma, pakiti yote ikamwagika, moja ikaingia chini ya kabati na sijui nitaitoaje. Leo nimefika tisa. Karata zako zimezeeka, zinanata, ndiyo sababu.

Lakini nikikaa pale mezani naona kama umekaa ng'ambo yake. Sijawahi kuona raha ya kufanya kitu vibaya namna hii.

Mwanafunzi wako mbovu,
Chaki


29 Machi

Chaki wangu,

Kweli nimekosea, na nimecheka peke yangu hadi jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama ni malaria. Mimi nilijifunza nimekaa mbele ya mjomba kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Tangu siku hiyo sijawahi kukumbuka kwamba watu wengi wanashika upande wa pili.

Lakini usibadilishe. Nakuomba, usibadilishe hata kidogo. Gumba la kulia ndilo lisukume.

Na kuna mambo sikukueleza mara ya kwanza. Kabla ya kuanza, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulegee. Sukuma dakika tano, pumzika kumi. Likiuma, acha. Kuacha si uvivu, mjomba naye alikuwa akiacha. Usishindane na jana. Leo utasukuma ishirini, kesho sita, na sita hizo nazo ni kazi.

Nimekutumia pakiti mpya. Wiki nzima, wakati wa chai, nimekuwa nikizichanganya hadi ule ugumu wa dukani umetoka. Ukizoea kusukuma, jifunze na kuchanganya: mkono wa kushoto ushike fungu lote kwa juu, ulishushe kwenye kiganja cha kulia, na gumba la kulia likwangue karata chache kila mara, mpaka fungu liishe. Polepole. Sina haraka nawe. Nina maisha yote.

Naona kalamu inaandika vizuri sana.

Mumeo,
Mashoto


2 Aprili

We Bibi Harusi,

Barua yako imenifikia imechelewa, nikaisoma kwa tabu kama karatasi ya daktari. Ndoa ina miezi mitatu umeshaanza kuficha mifupa, ikifika mwaka utaficha nini, nyumba? Mwambie mumeo. Mwanamume aliyekorogea mtu uji wa kokoto bila aibu ataweza kusikia habari ya kidole.

Na je, tarehe thelathini Mei ukishindwa? Utamwambia nini akirudi, kwamba kiti kimepotea kwa mazingaombwe?

Nakuuma kwa sababu wewe ni damu yangu. Nilikushika mkono huo huo ukiwa na miaka minne nikikufundisha kushika sindano, na nataka kuuona ukifanya kazi. Endelea na hizo karata. Mama wa jirani yangu anasema uchawi. Nimemwambia ndiyo.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Nimekusikia. Nitamwambia, ila baada ya mtihani wa Bosi, ili nimpelekee habari mbaya na nzuri kwa bahasha moja.

Wiki iliyopita nililia. Nilikuwa nimefika thelathini na nne, nikalala na furaha. Asubuhi gumba likaamka limevimba, karata saba tu, ya nane chini. Nikaona kiti kile kinakwenda. Nikaona nikimweleza mume wangu mlangoni kwamba alimwoa mkata nguo akamkuta si chochote. Kisha nikaisoma tena barua yake: leo ishirini, kesho sita, na sita hizo nazo ni kazi. Nikafuta uso. Nikasukuma sita. Nikashukuru kwa sita.

Halafu sikia maajabu. Aliniambia niloweke mkono kwenye maji ya uvuguvugu, nisukume dakika tano na kupumzika kumi. Mtaalamu wa viungo naye, neno kwa neno! Nilimwonesha barua, akauliza, "Mumeo ni daktari?" Nikamwambia ni fundi lifti. Watu wa karata wanajua mambo, dada.

Na jambo jingine. Mtaalamu alipoona ninavyoshika, akasema ningefundishwa na mtu wa mkono wa kulia, gumba linalosukuma lingekuwa la kushoto, na hili bovu lingebaki kupokea na kupumzika tu. Kosa la mume wangu ndilo dawa. Niambie mimi nisimpende vipi!

Juzi nimefika hamsini. Mbili za mwisho zikatoka pamoja. Nikarudisha zote.

Mdogo wako


31 Mei

Mume wangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko juu ya lifti, shuka.

Mwezi wa kwanza, wiki ya pili tangu uondoke, jora la kitambaa liliniangukia kazini likanivunja kidole gumba cha kulia. Nilikaa na plasta mwezi mzima. Sikukwambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja kwa sababu ndivyo ulivyo, na chuo kingekurudisha mwaka. Bosi alinipa mpaka jana nithibitishe kwamba naweza kukata, la sivyo nipoteze kiti. Karata zako ndizo zilizokuwa hospitali yangu. Kalamu haikuwahi kuvuja, hata ya kwanza. Nilikudanganya, na nimeona aibu kila nilipolamba bahasha.

Sasa nikusimulie jana. Bosi alitandika kitambaa cha sare, akachora mikono ya mashati kumi na mawili. Karakana yote ikaacha cherehani. Nikashika mkasi, gumba likagoma kwa woga. Nikasema, "Naomba dakika tano." Nikatoa karata mfukoni.

Mama mmoja wa vifungo akasema, "Makubwa! Bi harusi katuletea ramli!"

"Anatafuta mume mwingine," mwenzake akadakia, "huyu wa lifti kapanda juu hashuki!"

Wakacheka wote, mimi pia nikacheka, na nikicheka nikawa nasukuma. Moja moja. Sikutazama mikono. Kicheko kilipoisha walikuwa wanahesabu kwa sauti, hata Bosi midomo ilikuwa inamcheza. Hamsini. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hakuna zilizotoka mbili.

Nikakata. Kwenye shati la tisa gumba likaanza kutetemeka, nikaona mstari wa chaki unanikimbia. Nikakumbuka sabuni iliyolowa. Kumbe nilikuwa nimebana. Nikalegeza, mkasi ukatembea wenyewe. Nilipomaliza, Bosi alisogea mezani. Alipitisha kidole kwenye kingo za vile vipande, kimoja kimoja, vyote. Kisha akasema, "Jumatatu saa mbili. Na hizo karata uje nazo, ila saa ya chai."

Nisamehe. Na asante kwa mikono yako. Naandika haya kwa kushoto maana gumba limechoka kwa ushindi.

Mkeo mwenye kiti,
Chaki


8 Juni

Chaki wangu,

Nilijua.

Barua yako ya kwanza ya karata nilidhani ni kalamu kweli, na kosa la mikono lilikuwa kosa tupu, sitaki sifa nisizostahili. Lakini ile ya tarehe ishirini na moja Machi uliiandika kwa kalamu niliyoijaribu mwenyewe, na madoa yalikuwa palepale. Anayeandika kwa kulia, mkono wake unayatangulia maneno. Wa kushoto unakuja nyuma yake na kuyafuta. Madaftari yangu yote ya shule yalikuwa hivyo. Ukingo wa kiganja changu ulikuwa wa bluu mpaka darasa la saba. Mke wangu, mimi madoa hayo nimekua nayo.

Na karata zangu hazinati. Nazipaka poda.

Nilifunga mkoba. Niliufikisha getini. Hapo nikaisoma barua tena ili nijue nikifika nitaanza kukugombeza na mstari upi, nikafika pale uliposema leo umefika tisa. Nikaona umeandika tisa kwa herufi kubwa kubwa za furaha. Nikajua mtu huyu anapigana na ananificha ili nisipoteze mwaka, na nikitokea mlangoni nitakuwa nimempora vyote viwili. Ulikuwa umenipa zawadi. Nikaamua kuipokea kama sijaona kilichomo. Nikarudi bwenini, nikaenda kwa muuguzi wa chuo nikamuuliza kidole gumba kigumu kinatibiwaje. Maji ya uvuguvugu ni yake. Ya "sita nazo ni kazi" ni yangu.

Sijawahi kuchanganya karata kwa hofu kama zile nilizokutumia.

Jana nimefaulu vitendo. Nafika tarehe thelathini, gari la mchana. Asante kwa mwaka wangu. Lakini sikiliza: safari nyingine ukivunjika, nivunje na mimi. Uji nitaukoroga vizuri zaidi.

Mumeo,
Mashoto


15 Juni

Mume wangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nimelishika shati lako mkono. Nililia nikalifutia machozi, kwa hiyo litafuliwa kabla hujafika. Dada nimemsomea ile sehemu ya getini. Akasema, "Huyo ujio wake nampikia mimi." Kwa dada hiyo ni nishani.

Sikuwa peke yangu, kumbe. Miezi yote ile nilidhani nasukuma peke yangu pale mezani.

Karata iliyoingia chini ya kabati nimeitoa jana kwa fagio. Ilikuwa malkia wa kopa. Ataingia mfukoni mwako mchana wa tarehe thelathini, na hutajua ameingiaje.

Barua hii ni fupi kwa sababu naiandika polepole. Nimeanza baada ya chai, na sasa kivuli cha dirisha kimeshafika kitandani. Kila neno nalisukuma moja moja. Nakuomba ukimaliza kusoma, upitishe kidole chako juu ya mistari yote, kuanzia tarehe mpaka jina langu.

Hakuna doa hata moja.

Mkeo,
Chaki